Mungu Asiyeguswa na Machozi

Jumapili jioni, Februari 1998. Saint Paul, Marekani.

Nje baridi ya kukata masikio, na moyoni si afadhali. Nimevua viatu vya theluji mlangoni, nimekaa na koti langu mwilini. Sina hamu hata ya chai.

Leo tulikuwa Maplewood kwa Mama Brian, muuguzi Mkenya tunayesali naye. Mama yake amezikwa jana huko Nyeri, na yeye hakwenda. Karatasi zake za ukaazi bado zinashughulikiwa. Akitoka Marekani harudi, na watoto wako hapa. Basi tukafanya kama tunavyofanya siku zote mtu akifiwa na nyumbani ni mbali: tukajaa sebuleni, picha ya marehemu juu ya televisheni, chai, nyimbo, halafu neno la faraja.

Neno nikapewa mimi. Nasomea historia ya kanisa la kale, si mchungaji wala sijawahi kuwa. Lakini Wakenya hawa wakishasikia Mtanzania anasoma mambo ya dini, wamemvika kola ya uchungaji.

Muhula mzima nimeshinda na Wakristo wa mwanzo, walioishi katikati ya Wagiriki na Warumi. Majirani zao walikuwa na miungu yenye wivu, tamaa na hasira za kitoto. Wakristo wakajibu kwa lugha ya wanafalsafa: Mungu wetu habadiliki, hapatwi na maumivu, hakuna kinachomtikisa. Maktabani maneno hayo yalinipendeza mno. Nikadhani yatamfaa mfiwa, apate pa kuegemea.

Nikasema Mungu hatikiswi na kifo. Afadhali ningenyamaza hapo. Nikaendelea, nikasema hata machozi yetu hayamgusi.

Mama Brian akainua uso. "Sasa Pastor, hizi siku zote nimekuwa nikimlilia nani? Na-drive kwenda job nikilia, narudi nikilia. Kumbe haimguzi hata kidogo?"

Binti yake akaja kukaa kando yake, akamuuliza kwa Kiingereza kama yuko sawa. Mtu mmoja akaona aibu yangu, akaanzisha wimbo. Niliimba nikitazama zulia.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna anayeningoja nimfariji. Sikumpenda yule Mungu asiyeguswa kwa sababu ya masomo. Nilimpenda kwa sababu ya Amani, mdogo wangu. Alipougua Dodoma nilifunga, nikaomba, nikalia hadi sauti ikakauka. Akafa. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilikataliwa. Vitabu vikanipa ahueni: kama hakuna kilio kinachomgusa Mungu, basi hata mimi hakunikataa.

Ndiyo faraja niliyompelekea Mama Brian. Ilinitosha kwa sababu nilishaacha kuomba zamani. Yeye bado anaomba.

Leo imenivunjikia mikononi. Kama Mungu haumii, nilikuwa nazungumza na ukuta. Kama anaumia, basi alimwona Amani kitandani, akaumia, na bado akamwacha afe. Sijui lipi baya zaidi.

Nimechoka.

Na wale wale waliosema Mungu haumii walisema pia kwamba Mwana wake aliona njaa, akalia kwenye kaburi la rafiki, akafa kifo cha kweli. Wasomi wa zama zao wakawacheka. Walishika yote mawili, wakadai asiyeweza kuumia ameumia, wala hawakuona haya. Niliposoma hapo niliweka alama ya kuuliza pembeni, nikaona wamejikoroga. Sikufikiria kwamba huenda nao walikuwa wametoka kuzika watu wao.

Wakati wa kuondoka Mama Brian alinifungia mandazi kwenye karatasi ya foili, kana kwamba sikumfanyia kitu. "Kuja Wednesday, niko off," akaniambia. "Lakini usiongee, Pastor. Kaa tu na mimi."

Nitaenda. Nitakaa kwenye kochi lake, atalia, na mimi nitanyamaza kwa sababu sina la kusema. Mandazi yako mezani, sijayagusa.

Nimejaribu kuomba sasa hivi, mara ya kwanza tangu msiba wetu. Nimefika kwenye "Baba" nikakwama. Sitaki kuombea kitu. Nataka kuuliza moja tu.

Amani alipokuwa anakufa, ulilia?