Mshairi Asiyejulikana

Mdogo wangu,

Kwa miaka arobaini nimekuficha jambo moja, na moyo huu mchovu hauna tena nguvu ya kulitunza.

Unaikumbuka ofisi yetu ya kamusi, ilivyonukia gundi na karatasi? Hakuna neno lililoingia kitabuni bila mstari wa mshairi wa kuonyesha linavyotumika. Uliponiletea chakula ulinicheka: "Kaka, kwani neno limeiba nini hata litafutiwe shahidi?"

Neno "upweke" lilikosa shahidi. Nikafungua daftari la mashairi ulilonipa nimpelekee mhariri, nikanakili kwenye kadi ya neno hilo: "Nyumba imejaa viti, wa kukalia hayupo." Chini yake nikaandika: mshairi hajulikani.

Mhariri aliposoma kadi ile alipiga meza. "Bwana wee, huyu ni nani? Nitafutie mengine yake!"

Nikamwambia hayupo tena duniani.

Tazama pia "umande" na "kiu" katika kamusi ile. Humo mna sauti yako ya usichana, nami huisoma kila asubuhi.

Nilikuambia mhariri amelikataa daftari lako, nawe ukaacha kuandika. Sikumpa kamwe, kwa sababu nilitaka mshairi wa nyumba yetu niwe mimi.

Kaka yako