Mianzi Ilipotoa Maua

Mjukuu wangu Evelyne,

Mimi bibi yako mdogo wa Guildford, Uingereza, nakusalimu huku nikinyonyesha; bibi kwa ukoo, si kwa umri, cheka tu. Sote wazima, ila lockdown imetufungia ndani.

Unauliza kama baba yako amuue nyoka anayekaa kwenye mianzi karibu na ghala la mahindi. Jirani yangu, mama mzee kutoka Burma, alinisimulia hivi, kila mtu upande wake wa uzio:

“Nikiwa msichana, mianzi ya mlima mzima ilitoa maua kwa pamoja. Panya wakashiba mbegu, wakazaana, wakashuka kumaliza mpunga wetu.”

“Na nyoka je?”

“Tulikuwa tumewamaliza kwa mapanga, mama.”

Nilisahau hata nepi kwenye kamba. Mlima mzima, Evelyne, kwa pamoja!

Mwambie baba amwache. Nawe usimsogelee, umesikia?