Pembe ya Kushoto

Studio, Morogoro mjini
Jumatatu, mvua inanyesha

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Mdogo wangu Raphael aliniambia bado unapanda shambani kwa fimbo, na wakikukataza unawauliza kama wao ndio watakaochuma hizo pilipili manga. Sisi huku wazima. Mke wangu Lucy anakusalimu sana. Milima hatujaiona tangu Alhamisi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba za juu, na mji mzima unatembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tutaishia kuulizana habari za watoto, na haya si ya simu.

Ulimtuma Raphael na mashine ya baba ya kukuzia picha, kamera yake ya mbao na lile kopo la negativu, filamu zake za zamani, ukaomba ile picha ya familia iwe kubwa kama alivyokuwa akitengeneza mwenyewe, iwepo siku ya kubariki msalaba wa kaburi lake. Raphael akacheka, akasema eti umesema nikishindwa niseme mapema, kuna kijana pale sokoni Mkuyuni ana printa. Nikamjibu kwamba nimekula kwa picha miaka ishirini na mbili bila kusaidiwa na mtu wa nyumba ile, kwa hiyo kipande cha filamu hakiwezi kunishinda. Najua alikufikishia.

Tusifichane. Picha ile ndiyo niichukiayo kuliko zote. Imetundikwa sebuleni kwenu tangu mwaka themanini na sita: wewe katikati, Judith miguuni, Raphael mchanga mkononi, nawe unatazama pembeni kama mtu aliyechoshwa na mpiga picha. Mimi simo. Nilikuwa na miaka sita, mtoto uliyemkuta mle ndani baada ya mama aliyenizaa kufariki, lakini simo. Mwaka huohuo Mjomba Amosi akaja kunichukua, kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwetu Waluguru hilo halina ubishi. Nikakulia Mlali nikibeba kabichi za watu. Nikajumlisha mwenyewe: kwenye picha nimekatwa, nyumbani nimetolewa, jibu ni moja. Nilipokuja likizo nilikuwa nakaa nikiipa picha ile mgongo. Na aliyekata, nilikuwa na hakika, ni wewe.

Sasa nikueleze kazi ilivyokwenda. Negativu za baba ni kubwa, inchi nne kwa tano. Lenzi iliyokuja na mashine yake ni ya milimita sabini na tano, ya filamu ndogo, haifiki pembeni. Nilipowasha taa, ilitokea duara la mwanga katikati na pembe nne za giza, kama zimekaliwa na moshi. Nikawakumbuka wanawake wa sokoni walivyokuwa wakisukumana mbele ya kamera yake, wakitaniana kwamba simama katikati wewe, Thobias hana pembe. Kweli hakuwa nazo. Maisha yake yote alikuza katikati na kukata kilichobaki, wala si kwa chuki. Lenzi ilikuwa fupi, na ndefu hakuwa nayo.

Lenzi ndefu ya kukuzia nimeitafuta mji mzima, haipo. Nikaitazama kamera yake. Ile lenzi yake ni ya milimita mia moja na hamsini, nayo ndiyo iliyoijaza negativu yote siku ile. Nikaifungua, nikakata kibao, nikaifunga kwenye mashine. Lenzi ya kamera imezoea kuangalia mbali; ukiipa kazi ya karibu, pembe zinalegea, picha inakosa ukali. Zililegea. Nikabana tundu lake la mwanga mpaka namba ishirini na mbili, nikauweka sawa upya ukali wa picha, maana ukibana husogea kidogo, kisha nikaacha mwanga ufanye kazi taratibu.

Nilisimama kwenye giza, mvua ikigonga bati, nikawaza kwamba mwanga ule ulipita kwenye kioo hikihiki kuingia, na sasa unapita kutoka, kama mtu arudiye nyumbani kwa njia aliyoondokea. Chini ya taa nyekundu, ndani ya sinia la dawa, milima ndiyo iliyotangulia, polepole, kama inavyojitokeza asubuhi ukungu ukichoka. Halafu migomba. Halafu ukaja wewe.

Pembe ya kushoto ikatoka nyeusi. Pale palikuwa na kivuli cha upenu, na kwenye negativu filamu ni karibu tupu kama kioo, mwanga unapita wote na kuiunguza karatasi. Nilidhani kuna mtungi. Nikachukua karatasi ya pili, nikaikinga pembe ile na mwanga kwa kiganja kwa nusu ya muda, nikikitikisa ili kisiache alama. Nikaizamisha. Pale kilipoangukia kivuli cha kiganja changu, akatokea mtoto.

Ni mimi, Mama mdogo. Nina kifurushi kichwani, kwa hiyo ni siku ileile aliyokuja Mjomba. Natazama barabarani nikicheka, maana nilikuwa nimeahidiwa kupanda lori. Na mkono wako wa kulia, ambao sebuleni unaishia kwenye kiwiko na siku zote nilidhani umeegemea kiti, umenyooka hadi kwangu. Umekamata shati langu kwa nyuma, ngumi nzima, kitambaa kimejikunja. Na macho yako hayakuchoshwa na mpiga picha. Unanitazama mimi.

Lucy alibisha mlango akiuliza kama nimelala humo. Nikamwambia asubiri. Sikuwa nimelala, lakini macho pia sikuwa.

Bado nina kinyongo, sitakudanganya. Judith aliwahi kuniambia kwamba uligombana na Mjomba mpaka majirani wakajaa uani, nikaona anamtetea mama yake. Lakini wewe mwenyewe, kwa karibu miaka arobaini, hukunitamkia hata neno moja juu ya siku ile.

Nilikuwa nimepanga Raphael aje kuichukua picha, nami nibaki huku. Sasa naileta mwenyewe Ijumaa, pamoja na Lucy. Ni pana kuliko fremu yenu, nimemwagiza fundi atengeneze nyingine. Sikukata hata milimita. Wageni wa kubariki msalaba wakishaondoka, nitaomba unijibu jambo ambalo picha haiwezi: lile shati uliliachia mwenyewe, au walikubandua vidole?

Nisalimie Judith na wanawe. Goti likande kwa maji ya moto, na shamba liache mpaka nifike.

Mwanao,
Wilfred Thobias