Kichwa cha Samaki Alichokirudisha Rashidi

…na jambo lile jingine, Baba, lililokuwa limeshanifika mdomoni pale wodini muuguzi alipokuja kutuambia muda wa kuwatazama wagonjwa umekwisha, lilikuwa ni hili: nilitaka kukuuliza kwa nini tangu Jumapili ile ya kichwa cha samaki hukulitaja tena jina la Rashidi. Nikajiambia nitakuuliza kesho. Ukanipungia ule mkono wenye sindano ukaniambia, "Nenda, mwanangu, basi litakuacha." Kesho yake nilipokuja, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Basi nakuuliza leo, kwa kalamu, na hina ikiwa bado nyekundu kwenye kucha zangu. Ndiyo, Baba. Nimeolewa! Wiki tatu sasa, na kila nikiliandika neno hilo natabasamu peke yangu kama mwehu.

Tumepanga mtaa wa Northfield, juu ya duka la fundi viatu. Chumba kimoja, na jiko ambalo watu wawili hawawezi kupishana bila kukumbatiana, nasi tunapishana mara nyingi hata pasipo na la kupika. Jioni namjua Rashidi kwa hatua zake ngazini. Anapanda mbili mbili, kisha anasimama nje ya mlango kidogo ili apumue, nisijue kwamba amekimbia. Najua, Baba, haya si ya kumwandikia mzazi. Mama anasema nimekuwa kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Lakini wewe ndiye uliyenizoesha kufurahi kwa sauti. Nani mwingine katika mtaa wetu mzima wa Balsall Heath alikuwa akirudi nyumbani na samaki wanne na kuanza kupiga vigelegele tangu kwenye kona ya mtaa, mwanamume mzima?

Mwaka huu joto limerudi, si kali kama la mwaka jana, lakini la kutosha kulainisha lami mbele ya nyumba ya Mama. Na joto likija mimi nanusa bahari, ingawa najua kutoka hapa hadi pwani ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Nakumbuka ulivyokuwa ukiniamsha baada ya sala ya alfajiri. Chai ya tangawizi kwenye chupa, mkate wa kumimina umefungwa kitambaani, na kwenye friji lile kopo la aiskrimu ambalo Mama alilifungua siku moja akitaka aiskrimu kweli, akakutana na kaa saba wamelala juu ya majani ya bahari. Alikuapia kwamba siku nyingine utaweka chambo chako kwenye bafu la msikiti. Ukamwambia, "Mke wangu, hawa kaa wametoka kuvua magamba, ni laini kama maini. Besi akimwona kaa kama huyu anasahau mama yake."

Besi. Mara ya kwanza ulinieleza kwamba ni samaki wa fedha mwenye miiba mgongoni, na kwamba Waingereza wanamheshimu kuliko anavyostahili. Nilikuwa na miaka minane. Tulisimama Barmouth, mdomo wa mto, pale maji ya bahari yanapoingia chini ya lile daraja refu la treni, nawe ukanifundisha kungoja maji yaanze kujaa. Ulikuwa umelowesha taulo ukajifunika juu ya kofia yako ya viua, kwa sababu ya jua, na wazungu waliokuwa wakipita na mbwa wao walikuamkia kwa adabu sana kana kwamba wewe ni imamu wa ufuo. Ulikuwa na sheria zako. Samaki hatajwi jina mpaka afike mchangani. Kabla ya hapo ni "mgeni". Ufito wa kuvulia ukitikisika, mtu asivute: amwache mgeni aondoke na chambo, ahesabu mpaka tatu, ndipo amzuie. Na kwenye ufito ulikuwa umechora alama kwa rangi ya kucha ya Mama kuonyesha urefu wa besi anayeruhusiwa kisheria, na besi aliyekuwa mfupi kwa upana wa ukucha ulimrudisha majini hata kama tulikuwa hatujapata kitu tangu asubuhi. Nililia siku moja kwa ajili hiyo. Uliniacha nilie, ukanipa mkate.

Na vibua! Unakumbuka siku ile vibua walipowafukuza dagaa mpaka ufukoni, maji yakawa yanachemka kama sufuria, dagaa wanaruka wenyewe mchangani, na watoto wa Kiwelisi, wenyeji wa pale, wanawaokota kwa ndoo za kuchezea? Ulitupa mshipi wenye ndoana tatu ukatoa vibua watatu kwa mpigo. Ukautupa tena, watatu wengine. Ulikuwa unacheka mpaka unashindwa kuwatoa kwenye ndoana. Kiwandani ulikofanya kazi miaka yote ile nadhani hakuna aliyekusikia ukicheka namna ile. Nimekuwa nikijiona mwenye bahati kwamba mimi nilikusikia.

Sasa, hiyo Jumapili.

Mimi nilimwambia Rashidi, "Baba anataka kukuona." Sikumwambia kwamba ataonwa mchangani. Akaja na shati jeupe lenye tai na viatu vilivyong'arishwa, maskini, na wewe ukamtazama mlangoni kuanzia kichwani mpaka miguuni ukasema, "Mtu wa bara, unakwenda kuvua au kusoma taarifa ya habari?" Alisimama na viatu vile kwenye maji ya chumvi tangu maji yalipoanza kujaa mpaka yalipojaa kabisa. Shingo yake iliungua mpaka ikachubuka. Alivuta mwani mara tatu, kila mara akidhani ni samaki, na mara ya tatu ukamwambia, "Endelea, tutaufungulia kiwanda." Akakujibu, "Mzee, hii angalau haina miiba," na ukacheka, Baba, ukacheka kile kicheko cha siku ya vibua. Nilikuwa nimekaa kwenye taulo nyuma yenu, moyo wangu umejaa kama ule mto. Kisha ukapata besi mkubwa, urefu wa mkono wako, na ukamwachia Rashidi ambebe mpaka kwenye gari.

Jioni Mama akampaka samaki nazi na ukwaju, ukamchoma mwenyewe uani. Tulipokaa, ulikiinua kichwa kwa mikono yako miwili, pamoja na nyama yake yote ya mashavuni, ukakiweka kwenye sahani ya Rashidi. Hukusema kitu. Yeye akakitazama. Akasimama, akaishika sahani kwa mikono miwili, akaja kuiweka mbele yako akasema, "Mzee, hii ni yako. Mimi siwezi."

Ukasema, "Haya." Basi. Ukala. Baada ya chakula ukawasha televisheni, wewe ambaye ulikuwa huwezi kuitazama mgeni akiwapo.

Toka siku hiyo ukawa unaniuliza habari za kazi yangu, habari za hewa, habari za jirani. Za Rashidi, hapana. Mimi nilidhani ni yale maneno yake ya "siwezi", kwamba ulimwona mtu wa kuchagua chakula. Nikasema hilo litapita. Kisha ukaumwa, na kila kitu kingine kikawa kidogo.

Mama alipomaliza eda, Ami Suleiman, ndugu yako, akaja kutoka Leicester kuzungumzia posa ya Rashidi. Mama alisema, "Marehemu hakusema hapana." Ami akasema basi yeye atasimama kuwa walii wangu wa kuniozesha. Nilifurahi, sikuuliza zaidi. Nilichagua kutouliza, Baba. Naandika ukweli.

Siku mbili kabla ya harusi, Mama ananipaka hina, ananishika mguu, anasema bila kuinua uso: "Kwao baba yako, kijana akija kuposa hajibiwi kwa maneno. Akikubaliwa, baba wa msichana humpa kichwa cha samaki kwa mkono wake. Akikila, mke ni wake."

Nikamwuliza, "Na akikirudisha?"

"Sijawahi kuona mtu aliyekirudisha," akasema Mama. "Tulia, utaharibu ua."

Nikatulia. Nilitulia siku mbili nzima. Wageni walisema bibi harusi ana haya sana. Nilikuwa nahesabu miezi, Agosti mpaka Novemba, kila siku uliyokaa kwenye kile kiti chako ukiamini kwamba kijana aliyekuja kumtaka binti yako alikutazama machoni akakwambia hamtaki. Au kwamba mimi nilijua maana yake nikanyamaza.

Fungate tulikwenda Barmouth. Watu walituambia Hispania ni rahisi na kuna jua la uhakika, lakini mimi nilitaka mchanga wetu. Tulichukua fito zako mbili. Mama alikuwa amezifunga kwa shuka darini. Siku ya pili, maji yanaanza kujaa, nikamwuliza Rashidi kwa nini alikirudisha kile kichwa. Sikumwambia maana yake kwanza, nilitaka jibu tupu.

Akasema, "Sabra, kwetu Mumias kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Hata akiwa safarini atawekewa. Kijana akiila ni kama kusema huyu mzee hayupo tena. Nikaona mzee ananipa fungu lake mwenyewe, nikajua ananipima. Kusema kweli nilikuwa nataka sana kukila. Lakini nilikuwa nakutaka wewe zaidi."

Ndipo nikamwambia. Alikaa chini mchangani, kwenye maji, na suruali yake mpya. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimefaulu mtihani ambao haukuwepo, nikafeli ule uliokuwepo." Nikacheka, halafu nikalia, naye akanishika, na wakati tumeshikana ufito wako ukainama nusura uingie majini. Baba, alihesabu! Alihesabu mpaka tatu kwa sauti, kama nilivyomfundisha kwa sheria zako. Kisha akakimbia kinyumenyume ufukweni mpaka akaanguka kwenye kiti cha bibi mmoja wa Kiingereza, lakini mshipi hakuuachia. Besi. Tukampima kwenye alama ya rangi ya kucha, akapita kwa vidole vinne. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mume wangu akiomba radhi kwa yule bibi huku amekumbatia samaki.

Samaki tulimpeleka kwenye barafu mpaka kwa Mama. Ami alikuwapo. Madirisha wazi, harufu za mikahawa ya mtaa mzima zinaingia, na mimi mwenyewe nikampaka na kumchoma uani kwenye lile jiko lako. Tulipokaa nikamwomba Ami akichukue kichwa ampe Rashidi. Mama akaacha kula. Rashidi alikipokea, akasema bismillahi, akakila chote: mashavu, macho, akafyonza mpaka mifupa, pilipili inamtoa machozi na kamasi, hakunywa hata maji.

Ami Suleiman akapiga paja. "Kumbe anakula! Kaka alinipigia simu analalamika, ananiambia, 'Suleiman, nimepata mkwe hajui kula kichwa cha samaki. Kiangazi kijacho itabidi nimrudishe pwani nimfundishe.'"

Nikamwuliza, "Ami, alisema mkwe? Au alisema kijana?"

Akakuna ndevu. "Mkwe. Nadhani mkwe. Sabra, mwaka mzima huo, mwanangu."

Mama akamwambia, "Suleiman, usimtilie mtoto chumvi." Lakini alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga yake, na aliinuka kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Unamjua ndugu yako. Hadithi ikipita kinywani mwake hutoka imenenepa. Asubuhi nikiamka na Rashidi yuko pembeni yangu, naamini kabisa kwamba ulisema mkwe, nasikia na sauti yako ikilisema, ile ya kunung'unika na kuficha kicheko. Nikiwa peke yangu kwenye foleni ya benki, nasikia "Haya", na televisheni. Sitalijua hili, Baba, na nimejaribu kukubali kwamba sitalijua. Ninaloweza ni kukueleza yeye alichomaanisha. Hakunikataa. Alikupa wewe kilicho bora kwa namna aliyofundishwa kwao, nawe ulikuwa umempa yeye kilicho bora kwa namna ya kwenu, na sahani moja ikaenda na kurudi kati yenu.

Sijaja kukuona tangu ulipozikwa. Mwezi wa tatu nilifika mpaka getini pa makaburi nikageuka, nikamwambia Mama kulikuwa na mvua. Sikuwa na uso wa kukuletea, nikiwa bado sijauliza kwa nini uliacha kumtaja Rashidi.

Sasa ninao. Rashidi ameomba kuja kujieleza mwenyewe. Hataki niwe mkalimani wake. Ananyoa ndevu huku anafanya mazoezi kwenye kioo, "Shikamoo Mzee, ni mimi, yule wa kichwa," kisha anasimama, anasema hapana, hiyo si heshima, anaanza upya. Nimemwambia aseme tu kwa Kiswahili chake cha Mumias, utamcheka lakini utamsikiliza.

Nakuombea kila baada ya sala, Baba, na nitakuombea maisha yangu yote. Lala salama. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu Rashidi hafanyi kazi, kwa hiyo kabla mwezi haujaisha utatuona, baada ya adhuhuri, mimi na mkweo.

Binti yako,
Sabra