Makande ya Tausi

Jumanne. Shajara yangu, nimeahidi kukwambia yote, hata ya kinyesi.

Tumbo la Tausi, paka wangu, lilikuwa limetulia wiki nzima kwa wali na nyama ya kuchemsha, kama alivyoagiza bwana mifugo. Leo nimetoka shule nikakuta ameharisha tena sebuleni. Baba amesema ikitokea tena, Tausi anahamia kijijini Bendera kwa shangazi, akalale ghalani.

"Shikamoo, bibi. Umempa nini?"

"Marahaba. Makande tu, ya maziwa. Paka wa Upareni asipokula makande, ni paka wa wapi?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kumaliza sahani yangu ya mahindi na maharage yale yale. Bibi ndiye anayebaki na Tausi mchana, na anampenda.

Nijibu kabla sijaenda shule kesho: mjukuu anamkatazaje bibi yake kugawa makande bila kumkosea heshima?