Dada Nyuma ya Tangi la Maji

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kuanzia leo nitaandika yote, hata yanayotutia aibu sisi wenyewe. Na ya kwanza ni ya aibu.

Tangu dada Nyanzobe aolewe na shemeji Lusubilo, nakaa nao hapa Hampanga ili nisome Vwawa. Kila asubuhi napanda Kipisi — ndivyo watu wanavyoiita treni yetu, mabehewa yenyewe machache. Kwetu Momba, walikohamia Wasukuma wafugaji kama sisi, ng'ombe ni wengi kuliko madawati. Huku nina dawati langu peke yangu!

Leo baba mkwe wa dada, mzee Andongwisye, amerudi kazini kutoka likizo kwao Ileje. Ndiye mkuu wa kituo. Dada hajawahi kukutana naye uso kwa uso. Hata siku ya harusi mzee alikaa mbali, tukadhani anaumwa. Basi dada akafunga kanga mpya, akanisindikiza kituoni. Mzee alipotoka ofisini, dada akapiga magoti mbele yake, abiria wote wakitazama. "Mwangaluka, baba!" Vilevile kama mama alivyotufundisha kusalimia kwa Kisukuma.

Mzee aliruka nyuma kama amekanyaga nyoka! Akageuka, akaingia ofisini, akafunga mlango. Hakuitikia hata neno. Dada akabaki chini, magoti kwenye kokoto.

Kwa nini? Alipiga magoti vizuri kabisa.

Jumanne, 9 Septemba

Dada amekuja tena. Chupa ya chai, magimbi ya kuchemsha, sahani imefunikwa kitambaa. Akasimama mbele ya dirisha la tiketi. Dirisha likafungwa — paa! Chai ikapelekwa ndani kwa mzee na msafishaji. Tiketi zikauzwa mlango wa nyuma, watu wakazunguka ofisi wakinung'unika.

Mama Imelda, anayeuza maandazi hapo kituoni, alicheka mpaka akashika nguzo. Eti Wasukuma wameteka kituo bila hata fimbo! Dada hakucheka. Jioni akasema mzee hataki mkamwana wa kabila letu, na Jumamosi anarudi Momba kwa baba yetu.

Na mimi je? Dada akiondoka, mimi nabaki hapa kama nani?

Jumatano, 10 Septemba

Shemeji hapatikani. Yuko na lori upande wa Zambia. Jaribio la Kemia — nimejaza nafasi tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemuuliza Mama Imelda. Safari hii hakucheka. Akasema kwa hawa Wandali, kabila la mzee, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hakutani naye njiani. Akimwona anakuja, anajificha. Hiyo ndiyo heshima yenyewe! Angefundishwa na mama mkwe, lakini mama mkwe ni marehemu.

"Sasa mwenzako kaenda kumpigia magoti mkwewe mbele ya treni nzima," alisema. "Binti Ngusa, kwa mzee wa watu ni kama kavuliwa suruali!"

Nimechanganyikiwa. Kwetu ukimkimbia mkweo huna adabu. Huku usipomkimbia huna adabu. Mwalimu wa Uraia alitufundisha kwamba mila ni utambulisho wa jamii. Hakutufundisha mila mbili zikiwa kwenye reli moja zinapishania wapi.

Nilimweleza dada. Hakukubali. Aliniuliza kama mtu anayekuheshimu anakufungia mlango.

Ijumaa, 12 Septemba

Shemeji amepiga simu! Kwanza alicheka. Halafu akasema alisahau kumwambia dada, maana yeye amekua na mila hiyo tu, hakuna aliyemwambia. Dada akamkatia simu. Amefunga sanduku. Sare yangu ya shule ameiweka humo chini kabisa; nami naondoka naye.

Mchana nilipita kituoni. Mzee akaniita dirishani. Shikamoo — marahaba, binti. Akauliza kama ile chai ya Jumanne ilikuwa na tangawizi. Nikasema ndiyo. Akasema, "Hm." Basi! Hm ya nini?

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika hapa hapa kituoni, nisamehewe mwandiko.

Tumefika mapema na sanduku, tushukie Tunduma, tutafute gari la kwetu. Dada hakukaa kwenye benchi. Amesimama nyuma ya tangi la maji. Anasema anakwepa jua. Jua halijatoka!

Kipisi imeingia. Watu wamepanda. Mzee akatoka na bendera ya kijani, akatembea kinyumenyume — kinyumenyume! — hadi karibu na tangi, akasimama, mgongo kwetu, akaanza kusema nami kwa sauti ya kusikika na kila behewa.

"Binti, mimi sijaona mtu hapa. Lakini kama yupo, mwambie aibu ni yangu. Siku ile miguu ilikimbia kabla sijafikiri. Nimeambiwa kwao mkwe hupigiwa magoti. Ni vizuri. Nilifunga mlango nisimvunjie heshima, kumbe ndiyo naivunja."

Akakohoa.

"Sasa muulize: anasafiri, au anasindikiza? Nisipopata jibu, bendera hii haipandi."

Dereva amepiga honi. Abiria wamejaa madirishani. Mama Imelda anapaza sauti kwamba watu wajibiwe, maandazi yanapoa.

Nimekimbia kwa dada. Ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Analia? Anacheka? Siwezi kujua! Kuzungumza hataki, mzee asije akasikia sauti yake. Amenionyesha kidole: andika. Basi naandika hapa, naye ameshika kalamu nyingine.

Honi tena. Mzee hajageuka.

Dada, unasafiri au unasindikiza? Jibu hapa chini, upesi: