Nilimwambia Mama-Mukwe Kwamba Mvua Njo Ilizima Moto Yake

Mama Odile, mushauri wetu mpendwa, nakuomba msaada na nakuomba haraka, ju Jumamosi haiko mbali, na ukitia barua hii ndani ya gazeti badilisha majina, ju mama-mukwe wangu hajui kusoma lakini majirani wote wanajua, na midomo wako nayo.

Mimi nimekuwa mukaza-mwana, muke wa kijana wa nyumba, kwa miaka kumi hapa Kindu, upande wa Mikelenge. Niliolewa kutoka Tunda, na tunakaa lupango moja, uwanja mmoja, na mama ya bwana yangu, Mama Rehema, muntu mwema, sitamusingizia, alinipokea sawa mutoto wake mwenyewe. Shida yetu ni moja tu, ni moto. Kule jikoni uani Mama Rehema iko na moto ambayo haijazimika tangu vita, Mama Odile, sikudanganyi, tangu ule mwaka wapiganaji wa Mayi-Mayi walizunguka muji na watu wakafungiwa humu ndani, hakuna kwenda shambani, hakuna kuni, alimeti za kuwashia ziliisha sokoni, watu wakachoma milango na vitanda vyao, na yeye akachunga kaa moja ndani ya majivu kwa maganda ya ngazi za mawese, kila asubuhi kartie nzima, mtaa wote, inakuja na vipande vya chungu kumwomba moto. Mpaka leo anaeleza: "Tulikuwa tunaangalia mapaa ya nyumba. Pale moshi inatoka tunasema, asante Mungu, bale bangali bazima." Basi kila siku, apike asipike, gogo linafuka pale, na kama kuni ni mbichi moshi inajaa nyumba nzima, na yeye anaketi katikati yake anatabasamu.

Mimi sasa, moshi ya asubuhi siiwezi. Wakati wa vita nilikuwa na miaka tisa, tulikuwa tumekimbilia porini nyuma ya Tunda, na kule sheria ilikuwa moja, hakuna moto mchana, muhogo tunakula mubichi, tunanyeshewa na tunatetemeka lakini hakuna kuwasha kitu, mpaka siku moja kaka yangu Amuri alichoka na njaa, akawasha moto kidogo tu ya kuchoma muhogo, na kuni zilikuwa na maji, moshi ikapanda juu ya miti, muhogo haujaiva watu wa bunduki walikuwa wamefika. Amuri hatukumuona tena. Habari hii sijawahi kumwambia mama-mukwe, na bwana yangu anajua nusu tu. Nikiona moshi inapanda juu ya paa naanza kuhesabu watoto.

Nikaona dawa ni makala, makaa ya gunia. Nilinunua mbabula, jiko la bati, na makala kavu kutoka Kailo, napika, nazima, moshi hakuna, tena hakuna gogo la kulishwa kutwa nzima sawa mugeni. Mama Rehema akacheka: "Makala yako ilichomwa Kailo. Kule hakuna batoto ba kukohoa?" Niliona ni matusi. Kisha Sofia, mutoto wetu wa miaka miwili, akaanza kukohoa, kifua kinapiga filimbi, muganga wa kituo cha afya akaniuliza kama analala karibu na moshi, nikalia pale pale mbele yake. Nilimwomba bwana yangu, Aboubakar, aongee na mama yake. Akasema, "Sifa, ile moto ilitulisha. Mimi siongei."

Wiki iliyopita mama alivuka mto kwenda kilio huko Alunguli, siku tatu, akaniachia kazi moja tu: "Uniangalilie moto." Siku ya pili kuni zilikuwa mbichi, moshi ikajaa, Sofia akakohoa mpaka akatapika, na mimi, Mama Odile, nilishika ndoo ya maji nikamwaga. Usiseme ni bahati mbaya. Nilimwaga, nikaenda kuchota ndoo ya pili, nikamwaga tena. Mchana mvua kubwa ikanyesha, na uwongo ukajileta wenyewe: mama aliporudi nilimwambia mvua iliingia jikoni.

Ningejua! Aliketi chini, akatia mukono ndani ya yale matope ya majivu, anatafuta hata kaa moja. Aboubakar akakimbia kununua alimeti, akamwambia, "Mama, ni moto tu, tutawasha ingine," na mama akamwangalia sawa muntu asiyemjua. Akasema, "Nilikuambia mara ngapi ufunge haya mabati?" Tangu hapo hawasemezani. Bwana yangu iko juu ya paa, leo siku ya tatu, anagonga misumari, anatafuta tundu ambayo haiko, na mimi njo nampandishia maji ya kunywa. Mama amefunga vitu vyake. Jumamosi anakwenda Kailo kwa mudogo wake, na hatarudi. Anasema, "Kama ni mvua, basi ni Mungu. Mungu amechoka na moto yangu."

Na nimalize kutubu: Sofia amelala vizuri siku hizi, hakohoi, jiko liko safi, na ndani ya moyo niko na furaha, na hiyo furaha inaniumiza kuliko yote. Ninyamaze aende, mutoto wangu apone? Ao niseme, na nyumba ivunjike?

Mimi mukaza-mwana, Mikelenge

*

Binti yangu, majina nimebadilisha. Sasa inuka, kabla hujamaliza kusoma, na mushushe bwana yako kutoka juu ya paa.

Siku tatu! Mwanaume anaziba tundu ambalo halipo, na wewe unampandishia maji! Akiteleza akavunjika mguu, utasema tena ni mvua?

Pole lakini. Pole kwa Amuri, na pole kwa miaka yote hii umembeba peke yako kifuani, hakuna aliyekusaidia. Na haki yako nakupa mbele ya wasomaji wote: mutoto wa miaka miwili si wa kukaa ndani ya moshi. Muganga hakukosea, na wewe hukukosea kuogopa. Ulikosea kwa ndoo, halafu ukakosea kwa mdomo, na kosa la mdomo njo kubwa, kwa sababu ndoo ilimwagika siku moja na uwongo wako unamwagika kila asubuhi nyundo inapoanza kugonga.

Wewe na mama-mukwe wako hamugombani juu ya moshi hata kidogo. Munagombana juu ya mahali kila mmoja wenu alikuwa ameketi mwaka ule. Yeye alikuwa humu mjini, ndani ya mzingiro, na kwake moshi ni jirani aliyeamka mzima. Wewe ulikuwa porini, na kwako moshi ni mtu wa bunduki anakuja. Juu ya moshi, mwongo hayuko kati yenu. Lakini miaka kumi munakula sahani moja, munachovya ndani ya mchuzi mmoja, na hakuna hata siku moja mmoja alimuuliza mwenzake, "Wewe, vita ilikukuta wapi?" Hiyo ni aibu yenu wawili, na Aboubakar ni wa tatu.

Usifikiri nakucheka kutoka juu. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita karibu na mto, na upande wa pili wa barabara kulikuwa na mtu na groupe yake ya umeme. Watu wakilalamika kelele na moshi wa mazutu, mafuta ya mashine, nilikuwa nasema, "Mumuache, naye anatafuta mwanga." Nikahama. Leo groupe ya jirani inanguruma nyuma ya ukuta wangu, mazutu nayasikia mpaka ndani ya mboga yangu ya sombe, na nimekuwa muhubiri mukubwa wa hewa safi, mukubwa wa kartie akiniona anabadilisha njia. Groupe ni zile zile. Kilichohama ni kitanda changu.

Kwa hiyo hapo kwenye makala, mama-mukwe alikushinda, na hakukutukana. Moshi wako haukuisha. Uliuacha Kailo, kwenye tanuru la udongo la mwanamke mwingine aliyefunga mutoto mgongoni, na miti iliyoanguka ni ya kule, si ya Mikelenge. Gunia linafika kwako limekwisha kukohoa. Pika na makala yako, sikukatazi, na sisi wote tunapika nayo, lakini usisimame mbele ya mama-mukwe wako ukajiona safi.

Sasa kazi. Leo hii, si kesho, unamuketisha Aboubakar peke yake na unamwambia yote, ndoo ya kwanza na ndoo ya pili. Atakasirika. Muache akasirike, ana haki, misumari imekwisha. Usianze na kikohozi cha Sofia, maana ukianza na mutoto utakuwa unajitetea. Anza na kosa.

Akishatulia, mtafuteni shangazi yake, au dada mukubwa wa ukoo, mtu ambaye Mama Rehema anamheshimu, na muende watatu. Wewe usikae kwenye kiti. Kaa chini, kwenye mukeka, na useme maneno haya tu: "Mama, si mvua. Ni mimi." Kisha ufunge mdomo. Akilia, kaa. Akikutukana, kaa. Akikaa kimya mpaka adhuhuri, kaa nawe mpaka adhuhuri. Akikuuliza kwa nini, na atakuuliza, hapo njo umwambie habari ya Tunda, yote, na Aboubakar asikie ile nusu ambayo hakuijua. Lakini usimfanye Amuri wakili wako. Mwambie ili akujue, si ili akusamehe.

Kisha moto. Najua unangoja niseme sasa ukae hivyo hivyo, jiko safi, mambo yamekwisha. Hapana. Bwana yako ana nyundo mkononi na ameonyesha kwamba ana nguvu za kufanya kazi siku tatu bila sababu, basi apewe sababu. Ajenge jiko la mama kule mwisho wa lupango, mbali na dirisha la Sofia, paa liwe juu, pande mbili ziwe wazi upepo upite, na pembeni kibanda cha kuanikia kuni kabla hazijaingia motoni. Sofia asikanyage kule kuni zinapofuka, na hilo utalisema kwa heshima lakini utalisema, kwa sababu mapafu ya mutoto si ya kusubiri wakubwa wapatane.

Na kuna jambo ambalo wewe mwenyewe umeliandika na hukuliona. Wakati wa njaa, yule mama alichunga moto wa kartie nzima kwa kaa moja, majivu na maganda ya ngazi. Hakuwa na gogo! Gogo la kufuka kutwa nzima ni anasa ya amani, ni mzee anayeshiba baada ya kukosa. Hakuna mtu Mikelenge anayejua kuliko yeye namna ya kuweka moto hai kwa kuni kidogo na moshi kidogo. Mwombe akufundishe. Usimwombe kwa ujanja, ili gogo liondoke. Mwombe kwa kuwa hujui, na kweli hujui. Kwenye mbabula yako unamaliza gunia wakati yeye angemaliza nusu.

Unaniuliza kama nyumba itavunjika. Sikiliza, nyumba ambayo mama hasemezani na mwanawe, na baba yuko juu ya paa, na mke anafurahi kwa siri, hiyo unaiita nzima? Inawezekana Mama Rehema asikusamehe wiki hii. Inawezekana Jumamosi apande pikipiki pamoja na vitu vyake aende zake. Basi utabeba mzigo wake wewe mwenyewe mpaka barabarani, na utamfuata Kailo baada ya majuma mawili na kuku mkononi, na ukifika kule angalia vizuri nani anachoma makala yako. Kumkosa kwa ukweli kunauma, sikufichi, ila kunapona.

Lakini ukinyamaza, kama ulivyotaka, ujue unafanya nini. Yule mama alilinda kaa lile njaa ikiwa ndani na bunduki zikiwa nje, na hakumlaumu mtu. Usimwache aende Kailo kuzeeka akiamini kwamba Mungu njo aliuzima moto wake.

Mama Odile